Siku nne Unguja, na mama mkwe naye hajawahi kuiona bahari

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma mjini, nina miaka 38. Mume wangu ni fundi umeme. Tuna watoto wawili, wa kike ana miaka 11 na wa kiume ana 7. Tumeoana mwaka wa kumi na tatu huu, na likizo zangu zote zimeishia sehemu mbili: Mpwapwa ukweni na Kondoa nyumbani. Silalamiki. Tunakwenda kulima, kuvuna, kuuguza, kuzika. Ila sijawahi kulala mahali ambapo nikiamka asubuhi si mimi ninayewasha moto.

Mwaka jana tulitengeneza kibubu cha mbao, fundi akakipigilia misumari pande zote ili tusishawishike. Mwezi uliopita tulikivunja, tukajumlisha na kidogo nilichopata kwenye kikoba, tukapata 2,400,000. Hela hii tuliiweka kwa jambo moja: shule zikifungwa mwezi wa sita twende Zanzibar, tulale hoteli ya ufukweni siku nne, watoto waione bahari. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Mume wangu aliiona mara moja kwa mbali, akiwa kwenye daladala Dar, alipofuata vifaa Kariakoo.

Tulikubaliana tusimwambie mtu. Mume wangu alisema tukiulizwa tujibu nina semina Dar na watoto nimeenda nao. Wiki mbili zilizopita bibi yao akapiga simu, yule mdogo akaiwahi, na kabla sijamfikia alishasema, "Bibi, tunaenda baharini!" Upande wa pili kukawa kimya. Kisha mama mkwe akasema, "Haya mjukuu wangu. Mimi nina miaka 71, nitakufa sijajua kama kweli yale maji yana chumvi." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Kesho yake wifi yangu anayekaa Kigamboni akampigia kaka yake. Eti bati la nyumba ya mama linavuja upande wa jikoni, sisi tunakwenda kuogelea. Tangu siku hiyo mume wangu hana msimamo. Leo anasema tughairi, hela iende kwenye bati. Kesho anasema tumchukue mama. Shangazi, mama mkwe nampenda, ndiye aliyenilelea mtoto wa kwanza nikiwa masomoni. Lakini magoti yanamsumbua, ndoo ya maji ya kuoga hadi apelekewe, na tukienda naye najua nitakuwa kazini usiku na mchana. Nilitaka siku nne za sisi wanne tu. Je, huu ni uchoyo?

La pili ni hoteli. Nimempata wakala kwenye Instagram, anauza hoteli ya Paje, 350,000 kwa usiku familia nzima, kula na kunywa kila kitu ndani. Anataka 1,400,000 yote kwa mkupuo kwenye namba yake ya simu, anasema zimebaki nafasi mbili. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kufika anasema twende Nungwi. Bei nilizoziona za huko ni za dola na nyingi ni chai ya asubuhi tu. Hakuna anayejua kuogelea kati yetu. Nisaidie Shangazi, mwisho wa mwezi huu ni lazima tuamue.

Mama wa Wawili, Nkuhungu, Dodoma

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza huyo wakala: usimtumie hata shilingi. Nitamrudia baadaye, ila kama simu iko mkononi na moyo unakwenda mbio kwa sababu ya hizo nafasi mbili zilizobaki, iweke chini tuzungumze.

Si uchoyo. Mwanamke aliyetumia likizo zote za miaka kumi na tatu kwenye mashamba na misiba ya watu wake, akiomba siku nne za kukaa na mumewe na wanawe, hajamwibia mtu. Kilichowaharibia ni ile semina. Mlipoamua kudanganya, mliifanya safari yenu ya halali ifanane na kitu cha wizi, na mkampa mtoto wa miaka saba siri ambayo hawezi kuibeba wala hapaswi kubebeshwa. Wifi yako asingepata la kusema kama kaka yake angempigia yeye kwanza.

Sasa twende kwenye bati, maana hilo ni deni la kweli na sitaki ulipuuze. Bati linavuja mvua inaponyesha. Mpwapwa, kama Dodoma yote, mvua zake zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, hakuna tone la maana hadi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Safari yenu ni Juni. Mna miezi mitano ya ukavu baada ya kurudi. Mume wako ampangie mama mwezi na autaje, kwa mfano Septemba, aende na mabati na misumari, apande juu mwenyewe. Asiseme "tutaangalia". Wazee wetu wameshalisikia neno hilo mara nyingi, na wanajua maana yake.

Na mama? Hapa nitakuambia ninachokiona, mkakiongee nyumbani. Msimpeleke Unguja. Juni upepo wa kusi umeshakolea, bahari ya kati ya Dar na Unguja huwa na mawimbi, na boti ya mwendo kasi inaweza kuwatapisha hata vijana. Mama mwenye miaka 71 na magoti mabovu, kupanda ngazi za boti inayoyumba, kisha kulala hoteli ambayo bafu lake lina vigae vinavyoteleza, hapana. Hatafurahi yeye, hutafurahi wewe. Lakini bahari haiko Unguja peke yake. Wifi yako anakaa wapi? Kigamboni! Kutoka pale kwake hadi mchangani ni safari ya bajaji.

Basi mchukueni mama mpaka Dar. Aje Dodoma siku mbili kabla, apumzike kwako, halafu pandeni treni ya umeme wote watano. Huduma ya Dodoma na Dar ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu yake. Kwa hesabu hiyo mama anawaongezea 62,000 tu kwenda na kurudi, na ninyi nyote watano mnatumia 248,000. Ulizeni bei ya sasa dirishani, na kila mtu awe na kitambulisho chake. Ni masaa manne hivi ya kukaa kwenye kiti, hakuna kurushwarushwa kama kwenye basi, na choo kipo humo humo. Mama avae sweta na kitenge kizito, kiyoyozi cha behewani hakijui mtu mzee. Halafu mwachieni kiti cha dirishani. Reli inapita wilayani kwao, Gulwe huko, mahali ambapo ameyaona magari moshi ya zamani tangu ni msichana. Nadhani kwake hiyo peke yake itakuwa nusu ya safari.

Dar laleni kwa wifi usiku mmoja. Nendeni na karanga za Mpwapwa na mlenda mkavu, mtu wa kwao aliye Kigamboni hakosi kuutamani. Mama abaki kwa binti yake siku zote mnazokuwa kisiwani, na wifi ampeleke ufukweni, jioni jua likipoa, aonje hayo maji kama yana chumvi. Mkirudi, Jumapili yote iwe ya pamoja, ninyi na bibi na wifi na watoto wake, hapo hapo Kigamboni. Wewe utakuwa umepata siku zako za watu wanne, mama ameiona bahari akiwa na binti yake na wajukuu, na wifi ameshiriki kumfurahisha mama yake badala ya kuhesabu hela za kaka yake kwa simu.

Ila jambo moja ni sharti. Simu ya kwa wifi aipige mume wako, si wewe. Na Mpwapwa aende yeye, Jumamosi moja, amwambie mama uso kwa uso: tulikosea kuficha, mpango ni huu, na bati ni Septemba. Damu yao waongee wenyewe. Wewe ukiibeba hiyo, hata ukiisema kwa asali, itageuka kuwa maneno ya mke.

*

Haya, bahari sasa. Mwalimu mwenzako amekuambia vizuri, na nataka ujue sababu, maana hii hakuna tangazo litakalokueleza.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda upande wa mashariki, huko huko iliko hiyo Paje ya wakala wako. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nimetoka huku huku bara, nimechagua hoteli kwa picha. Kwenye picha maji ya kijani yalikuwa yanagusa ngazi za hoteli. Nikafika asubuhi, saa nne, nikavua viatu, nikatoka mbio hadi mbele. Bahari haikuwepo. Ulikuwa mchanga mtupu na madimbwi, umbali wa kama kilomita nzima, na kule mwisho mstari mweupe wa mawimbi yanayopiga kwenye mwamba. Katikati walikuwepo wanawake wameinama, kanga zimefungwa kiunoni, wanafunga mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vijiti. Nilisimama pale na taulo begani, nikajua nimelipia kitu nisichokijua.

Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata, wenyewe huziita bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya kama mita nne kati ya juu na chini. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanajongea kidogo tu. Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, Kiwengwa, kote huko mwambao ni wa kina kifupi hadi kwenye mwamba, kwa hiyo yakipwa siku za bamvua yanakwenda zake mbali. Na bamvua ya Unguja ina tabia yake: maji hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa jioni kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Mtoto wako wa kike ana miaka 11, hesabu hiyo anaiweza. Mpe daftari, aangalie mwezi kutoka uani kwenu Nkuhungu kuanzia sasa, aandike tarehe. Mkifika atakuwa yeye ndiye anayewaambia wenzake saa ya kwenda majini.

Nungwi na Kendwa ziko kwenye ncha ya kaskazini, na kina kiko karibu. Maji yanapwa lakini hayatoroki, mnaingia saa yoyote ya mchana. Tena Juni kusi linapiga upande wa mashariki, ndiyo maana Paje msimu huo imejaa wazungu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na vishada vikubwa, wakati Kendwa, inayoelekea machweo, imekingwa. Kwa familia isiyojua kuogelea mimi sioni cha kujadili. Mashariki ni kuzuri, nimerudi tena na tena, lakini safari yenu ya kwanza iwe kaskazini.

Sasa tumrudie wakala. Hoteli inaweza kuwa ya kweli kabisa na yeye akawa hana uhusiano nayo hata kidogo. Ninyi mmeshapokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Hii ni ndugu yake, imevaa picha za minazi. Ukipenda hoteli, tafuta namba ya hoteli yenyewe, piga, ongea na mtu wa mapokezi kwa Kiswahili chako cha Dodoma. Usione haya. Sema: "Mimi ni Mtanzania, naomba bei ya mkazi, kwa shilingi." Hilo ndilo neno ambalo wengi hatulijui. Hoteli nyingi zina bei ya mgeni, ile ya dola uliyoiona mtandaoni, na ya mkazi ambayo haitangazwi mpaka uulize. Kisha uliza kama kodi na tozo zote zimo humo, watoto wa miaka 11 na 7 wanalipiwaje na wanalala wapi, na ukishindwa kuja kwa msiba au ugonjwa hela inarudi kiasi gani. Uliza pia kutoka chumbani hadi majini ni hatua ngapi, na kuna barabara katikati au hakuna, kwa sababu neno "ufukweni" linanyooshwa sana. Omba mtu akupigie simu ya video akitembea kutoka mlango wa chumba hadi mchangani. Wenye mali yao hawakatai. Wakishakujibu kwa maandishi, lipa sehemu tu kama arabuni, kwenye akaunti ya benki au lipa namba inayoleta jina la hoteli yenyewe. Ikileta jina la mtu, kata simu.

Kuhusu "kila kitu ndani". Kwenye bei ya namna hiyo sehemu ya unacholipia ni vinywaji vya baa, na watu wakishalipia huwa hawatoki tena nje ya ukuta. Ninyi mna watoto wadogo, na kutoka ndiko kutakakowafurahisha. Ningekuwa wewe ningechukua milo miwili, chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Asubuhi watoto wale washibe, mchana mtembee hadi kijijini Nungwi mle wali na samaki wa kupaka au chapati na maharage kwa bei ya kibinadamu, jioni mnarudi chakula kipo na wewe hujashika mwiko. Hicho ndicho ulichokililia kwenye barua, kuamka bila kuwasha moto. Maji ya kunywa nunueni katoni dukani kijijini. Chupa moja ya hoteli inaweza kukunyima usingizi.

Umesema siku nne. Mimi ningezigawa: tatu kaskazini, ya nne mjini. Usiku tatu kwenye hoteli mnayoitaka kweli ni bora kuliko nne kwenye ile mnayojilazimisha. Hoteli ikipatikana kwa laki mbili na nusu hadi tatu kwa usiku na milo miwili, bado mtabaki na hela ya boti, teksi na chakula cha mchana, na laki tatu za kutoguswa. Hizo laki tatu mpe mumeo azifunge mahali pake. Zikirudi Dodoma zinanunua bati.

Boti pandeni ya asubuhi, upepo huwa haujapanda sana. Kutoka Kigamboni mnavuka na pantoni, mnashuka Magogoni, na gati la boti haliko mbali na hapo. Msinunue tiketi kwa mtu aliyesimama barabarani hata akiwa na kitambulisho shingoni. Nendeni dirishani au muikate mapema mtandaoni, kwa nauli ya Mtanzania. Hamhitaji pasipoti, ila beba kitambulisho cha taifa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ni kama masaa mawili. Kaeni ghorofa ya chini, katikati au nyuma, siyo mbele ambako boti inarukaruka. Dawa ya kuzuia kutapika inamezwa kabla ya kupanda, siyo kichefuchefu kikishaanza, na ya watoto mwulize mfamasia kipimo. Kunyweni chai ya tangawizi na mkate mkavu asubuhi, supu iacheni.

Mkishuka Malindi watawazunguka vijana, teksi, hoteli, mizigo. Kule huitwa papasi. Sema "asante, tuna mwenyeji" na endelea kutembea. Ombeni hoteli iwatumie dereva au iwaambie bei ya kawaida, mkubaliane kabla mzigo haujaingia kwenye gari. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita sitini. Daladala namba 116 inakwenda huko huko kwa hela kidogo, ila siku ya kwanza, watoto wametoka kutapika, mimi ningelipa teksi. Kurudi mjini ndiyo pandeni daladala.

Na kuogelea, tafadhali nisikilize kama mama yako. Msifikiri kwamba maji yakiwa tulivu hayachukui mtu. Mtoto akiwa majini, baharini au kwenye bwawa la hoteli, mtu mzima mmoja awe naye kwa umbali wa mkono wake kumfikia, na simu iwe chumbani. Pokezaneni, wewe nusu saa, baba nusu saa, lakini zamu iwe ya mtu mwenye jina. "Tulikuwa wote tunawaangalia" maana yake hakuna aliyekuwa anaangalia. Mwisho wa kina ni kiuno cha mtoto, siyo chako. Msipande mashua yoyote kama hakuna jaketi la kuelea la saizi ya yule mdogo, hata kama nahodha anacheka. Na kila mtu avae yeboyebo majini, kwenye mawe kuna viumbe vyeusi vya miiba mirefu, na ukikanyaga kimoja likizo imeishia hapo.

Ngozi yetu pia inaungua. Nyinyi mmezoea jua kavu la Dodoma na upepo, kule kuna unyevu na maji yanarudisha mwanga usoni. Fulana za mikono mirefu ziingie nazo majini. Ukitoka ufukweni kwenda kijijini funga kanga, mumeo avae shati. Watu wa kule ni wakarimu sana, na mgeni anayejistiri hupokelewa kama mtoto wa nyumbani. Nungwi pitieni Mnarani mkaone kasa wanavyotunzwa, na mtembee hadi wanapounda mashua za mbao. Huyo fundi wako wa umeme atakaa pale masaa, mwache.

Ile siku ya mjini usiifupishe, wewe ni mwalimu. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini mimi nakutuma sehemu moja hasa: Mkunazini. Pale palikuwa na soko la watumwa hadi Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa juu ya eneo lile lile. Utashuka na watoto kwenye vyumba vya chini, dari inagusa kichwa. Waambie kwamba misafara iliyopeleka pembe za ndovu na watu pwani ilipita kwa bibi yao. Mpwapwa ilikuwa kituo, wasafiri walitua mizigo pale na kunywa maji kabla au baada ya nyika kavu ya Ugogo, na watemi wa Kigogo waliwatoza hongo ndipo wapite. Mtoto aliyezaliwa Dodoma akisimama Mkunazini amesimama mwisho wa barabara iliyopita kwao. Mimi nilielezwa hayo nikiwa mtu mzima, nikalia. Jioni mkale Forodhani, urojo na mishkaki na maji ya miwa, ulize bei kabla sahani haijajazwa.

Rudini na ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu wenye iliki, pakiti mbili, moja ya walimu wenzako na moja ya mama. Atakuambia kwamba mibuyu imejaa Mpwapwa na hajaona sababu ya kuununua ng'ambo, na ataumaliza.

Halafu piteni soko la Majengo kabla ya safari mnunue yeboyebo za mama, saizi yake, zenye mkanda wa nyuma zisimtoke. Mtumie wifi picha yake akizijaribu uani kwako, amtayarishie kiti cha plastiki cha kukalia pale mchangani, maana na magoti yale hataweza kuketi chini na kuinuka.

Shangazi yako.